Ukungu Haushuki Voi

Kaloleni, Voi
3 Juni 1956

Dada Tryphena,

Kaa chini kwanza, usije ukaanguka. Treni ya Mombasa siku hizi inapunguza mwendo ikifika Voi, na wala si kwa sababu ya stesheni. Inapunguza ili abiria wanione nikiwa juu ya jukwaa la mafundi, najenga. Juzi Mzungu mmoja alichomoza kichwa dirishani kunitazama mpaka kofia ikamtoka. Nikaidaka kwa mwiko, nikamrudishia bila kushuka. Ukiona ni uongo muulize mtu yeyote hapa, isipokuwa nyapara wangu Ndambuki. Huyo ana wivu.

Baada ya hayo, salamu. Mimi mzima. Joto la huku limenikausha kama papa wa dukani, lakini chakula kipo na kazi ipo. Ndambuki anasema hajawahi kuona Mtaita anayejua mawe. Nikamwambia hujaona kwa sababu hujapanda Mwanda ukamwona Mzee Obadiah Mwandawiro. Watu wa huku hawagongi jiwe wakalisikiliza kabla ya kuliweka, kama Baba alivyonifundisha. Wao wanabandika tu, kisha wanajaza simiti kama mtu anayeficha meno mabovu. Mwambie Baba ile simiti aliyonituma niijue, nimekwisha kuijua. Unakumbuka alivyosema siku ile naondoka? "Mawe nimekupa. Simiti sina ya kutosha, nenda ukaichukue Voi." Basi nimeichukua. Imebaki kidogo tu.

Sasa jambo lingine. Kiilu wa lori la mboga ameniambia kuna kijana Mkamba pale nyumbani, analala chumbani kwangu na kumbebea Baba nyundo. Nilicheka mpaka Kiilu naye akacheka. Halafu mimi nikaacha, yeye akaendelea.

Ni nani huyo? Ametoka wapi? Ile nyundo mimi sikuruhusiwa kuigusa mpaka nilipoota ndevu. Na kitandani analala upande gani?

Nijibu upesi. Si kwamba nina wasiwasi. Nataka kujua tu.

Ni mimi,
Crispus Mwandawiro
Fundi Mkuu wa Voi na nchi yote tambarare


Mwanda
16 Juni 1956

Kwa Bwana Fundi Mkuu,

Barua yako nimewasomea wazee. Mama alimshukuru Mungu kwa ajili ya kofia ya Mzungu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Anachanganya simiti, au anaichotea maji?" Nikasema barua haikueleza. Akasema, "Basi anachota maji."

Huyo kijana anaitwa Kilonzo Mulei, kwao ni upande wa Kibwezi. Alipanda huku na wachuuzi wa maharagwe. Akamkuta Baba anavuta jiwe kwa kamba peke yake, maana wewe Fundi Mkuu hupo. Akatua gunia, akashika ncha ya pili. Jioni ikafika bado ameshika. Wachuuzi wakaondoka bila yeye. Basi, ndivyo alivyokuja.

Analala upande wa ukutani. Anakula kimanga kama mtu anayefukuzwa, na kanisani anaimba mpaka watoto wanageuka kumtazama. Baba anamkemea kama alivyokuwa akikukemea wewe. Jana amemrudisha mlimani na jiwe alilolichagua vibaya.

Sasa nisikilize. Baba amepewa kazi ya shule mpya, na mlango wake utakuwa wa upinde wa mawe. Haujawahi kuwekwa upinde hapa kwetu. Baba anasema utainuliwa na watu wawili, mmoja kila upande, wakutane juu katikati. Maneno yake ni haya: "Upande mmoja ni wangu. Wa pili ni wa Crispus, akinionyesha kazi moja ya Voi aliyoimaliza kwa mikono yake." Atangoja mpaka mvua za vuli. Usipokuwa na kitu cha kumwonyesha, upande wa pili ataushika Kilonzo.

Acha kudaka kofia za watu, ndugu yangu.

Dadako,
Tryphena


Kaloleni, Voi
1 Julai 1956

Tryphena,

Mwambie Baba sichoti maji. Nachota mara mojamoja, kunyoosha mwili.

Na huyo Kilonzo, nani alimwambia ashike kamba? Mtu wa maharagwe si auze maharagwe? Mimi hapa sijaenda Kibwezi nikaingia kwao, nikashika mkia wa ng'ombe wa babake nikagoma kuuachia.

Kulala kitandani kwangu, angalia, nimesamehe. Kimanga ale, Mama hupika kingi. Lakini kukemewa, Tryphena! Hapo sikulala vizuri. Unakumbuka Baba aliponirudisha mlimani na lile jiwe la kizingiti cha Mama, kamasi zinanitoka, na wewe umekaa chini ya mgomba unacheka? Nilifika juu nikamchukia. Niliposhuka na jiwe jipya akaligonga, akasikiliza, akasema "Haya." Neno moja. Nilikaa nalo mwezi mzima. Hilo ni langu. Nililipata kwa mgongo wangu. Sasa analigawa kwa kila mpita njia mwenye gunia?

Ana urefu gani? Anacheka Baba akisema vichekesho vyake? Usinijibu hilo la pili.

Habari yenyewe ni hii, na uisome kwa sauti. Kanisa la hapa Kaloleni linajenga tangi kubwa la kukinga maji ya paa, maana akina mama wa huku wanafuata maji mpaka bomba la karibu na stesheni. Tangi ni la mviringo, la mawe, limenishinda kimo nikiinua mkono. Tulikuwa tukilijenga na Ndambuki. Wiki hii kaitwa Miasenyi kujenga duka la kando ya barabara. Akanitazama, akalitazama tangi, akanitazama tena. "Plasta ya ndani na nje nakuachia wewe. Utaweza?" Nikamwambia bwana, hilo swali mwulize mtu wa maharagwe.

Hakuelewa, lakini akanikabidhi.

Basi kazi ya kumwonyesha Baba ninayo. Asimpe mtu upande wangu wa upinde.

Crispus
Mwenye Tangi


Mwanda
29 Julai 1956

Crispus,

Umemfurahisha Baba, sitakuficha. Jumapili alisimama nje ya kanisa akimwambia kila atokaye, hata wale waliokwisha kuambiwa, "Kijana wangu ameachiwa tangi." Kilonzo anasema akisikia tena habari ya tangi lako atajitosa ndani yake.

Ila kuna neno, nalo usilichukue kwa mzaha. Tulikuwa tunakula. Baba akawa anatueleza utakavyopiga plasta, akafika pale pake pa siku zote: "Ukimaliza ukuta kaa kando, usiuguse, ukungu utaunywesha wenyewe." Kilonzo akaacha kutafuna, na hilo hatujawahi kuliona. Akauliza, "Mzee, na Voi ukungu unatoka wapi?"

Tukageukia dirisha wote. Hapa dirishani ukungu ulikuwa umejaa, hata banda la mbuzi halionekani.

Anasema kwao Kibwezi mjomba wake hupiga plasta, na kule ni jua na upepo kama huko kwako. Simiti ikikauka upesi hupasuka. Kwa hiyo huifunika kwa magunia na kuyalowesha asubuhi, mchana na jioni, kwa wiki mbili, bila kuacha yakauke. Baba akaweka bakuli chini. Akasema, "Ni kweli. Nimemtuma mtoto nyikani na ujuzi wa mlimani. Mwandikie leo hii."

Basi nimekuandikia, barua nampa Kiilu mkononi. Magunia, Crispus, na maji mengi. Najua bomba liko mbali. Chota hivyo hivyo.

Tryphena


Kaloleni, Voi
9 Agosti 1956

Kwa Kilonzo Mulei, anayelala kitandani kwangu,

Wewe hunijui na mimi sikujui, na ningependa tuendelee hivyo. Lakini nimesikia kwamba siku hizi, mdomo ukiwa umejaa kimanga cha mama yangu, unamsahihisha baba yangu.

Nikuulize. Lile kanisa la Mwanda nani alilijenga? Na nyumba ya mwalimu mkuu, na daraja la mtoni? Kuna gunia hata moja lililofunikwa pale? Baba yangu alikuwa akisikiliza mawe wewe ukiwa bado unachunga mbuzi, kama si kuchungwa nao. Mtu wa namna hiyo hafundishwi kazi na mjomba wa mtu.

Plasta nimemaliza jana. Imenyooka, ukiweka timazi yenyewe inaona haya. Na nitaiacha kama Baba alivyonifundisha mimi, mwanawe, kabla hujazaliwa katika nyumba ile. Magunia yapo hapa, mengi, ya katani. Nimeyakunja nikayakalia, ndipo ninapoandikia barua hii. Ni laini.

Siku ya upinde nitakuja. Utanishikia ngazi.

Usimwonyeshe Tryphena barua hii. Kama wewe ni mwanamume.

Crispus Mwandawiro
Mtoto wa Mzee Obadiah. Wa kuzaliwa.


Mwanda
20 Agosti 1956

Crispus,

Salamu nyingi. Mimi nimesoma kidogo, kwa hivyo naandika kidogo.

Kitanda chako ni kizuri, lakini mguu mmoja ni mfupi. Nimeweka kijiwe.

Kweli mjomba wangu si baba yako. Lakini jua la Voi na jua la kwetu ni moja, halijui huyu ni mtoto wa nani. Na hayo maji watakunywa watu wa kanisa, si wewe wala mimi. Mwagilia kwanza, halafu unitukane. Nitangoja.

Barua yako nimewashia moto wa chai. Dada yako hajaiona.

Ngazi nitashika. Sina neno.

Kilonzo


Kaloleni, Voi
21 Oktoba 1956

Kwa wote nyumbani, Tryphena awasomee,

Tangi limekwisha! Ni jeupe kama yai, nimelipaka chokaa juu mpaka chini. Ndambuki amerudi kutoka Miasenyi, akalizunguka, akalipapasa, akasema, "Kumbe." Mtu huyo akisema kumbe ni kama mwingine amechinja ng'ombe.

Sasa tunangoja mvua. Likijaa, litaombewa Jumapili ya tarehe 11 Novemba, na mwalimu wa kanisa, Bwana Alexander, anataka mjenzi asimame mbele pamoja na mzazi wake. Baba ashuke na lori la Kiilu. Avae koti lake.

Mtu mwingine akitaka kuja kuona kazi za watu, nafasi huko nyuma penye kabichi haikosekani.

Crispus
Mjenzi


Kaloleni, Voi
14 Novemba 1956

Tryphena,

Najua wamefika na wamekwisha kusema. Basi sikia na mimi.

Kwanza, mvua ya Jumamosi ilikuwa kubwa mno. Hakuna tangi lililojengwa kwa mvua ya Nuhu. Pili, simiti ilikuwa imekaa ghalani siku nyingi. Tatu, wale wanakwaya walisimama karibu kupita kiasi, na wimbo wenyewe ni wa kukanyaga miguu. Jasho lilianza kutoka ukutani wimbo wa pili. Ningeweza kuliziba, lakini Bwana Alexander akasema tufumbe macho tuombe. Nani anaziba tangi amefumba macho? Tulipofumbua, ufa umetoka juu hadi chini na maji yanatufuata. Hakuumia mtu. Viatu vya watu tu, na kofia ya Bwana Alexander, ilikwenda nayo mpaka kwenye reli. Akina mama waliokuja na ndoo walisimama wakitazama maji yanavyoingia mchangani.

Ndambuki akaniuliza mbele ya kanisa zima, "Wewe, plasta hii uliinywesha maji?" Nikasema hapana. "Nani alikufundisha kuiacha kavu?" Nikasema, baba yangu. Si kweli? Si ndivyo alivyonifundisha? Baba alikuwa pale, amevaa koti. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na barua ya Tryphena, ya magunia?" Nikamwambia haikufika. Na wewe nakwambia hivyo hivyo, haikufika. Muulize Kiilu anavyopoteza vitu.

Baba akageuka. Alimwendea Ndambuki, akavua kofia yake, kofia yake Baba, mbele ya nyapara, akasema, "Kosa ni langu."

Huyo Kilonzo wenu alisimama hapo kando kama nguzo, ananitazama. Sijui alikuwa anatazama nini. Kama hana kazi arudi kwao.

C.


Mwanda
25 Novemba 1956

Crispus,

Ulitaka arudi kwao. Basi ufurahi, anarudi.

Baba ameacha kazi. Alipofika tu kutoka Voi aliosha mwiko, nyundo na timazi, akavifunga gunia moja na kuviweka darini. Wazee wa shule wamekuja kumwomba, kuta zimekwisha kusimama, imebaki nafasi ya mlango tu. Amewaambia watafute fundi mwingine. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu, "Nilimfundisha mwanangu nusu ya kazi, nikamtuma mbele za watu nayo. Sitaki kumfundisha nusu mtoto wa mtu mwingine." Mama amelia, nami nimelia. Yeye anakaa tu pale mlangoni anatazama bonde.

Kilonzo naye, Baba amemwambia aondoke akatafute mwalimu mzima. Hivyo ndivyo alivyosema, mwalimu mzima. Kijana anangoja lori la mwisho wa juma lijalo.

Kiilu nimemwuliza juu ya barua. Hakumbuki. Siku ile alikuwa amekunywa mbangara, hakumbuki hata kama alifika Voi. Basi sina la kukwambia. Ningetamani ningeenda na barua ile kwa miguu.

Chumba chako kitakuwa kitupu ukitaka kurudi.

Tryphena


Mwanda
26 Novemba 1956

Crispus,

Salamu.

Mimi najua barua ilifika. Wewe mwenyewe uliniandikia umekalia magunia.

Sikusema pale Voi na sikusema hapa. Barua yako nilichoma, kwa hivyo hata nikisema ni maneno tu. Lakini si hiyo sababu. Nikisema mimi, Mzee ataona mgeni amekuja kumtoa mwanawe nyumbani. Hata wewe utaona hivyo. Umeona hivyo tangu mwanzo.

Utafikiri nakuomba ili nibaki. Hapana. Nikirudi Kibwezi kuna mjomba. Nikwambie kitu kimoja, ukitaka ukasirike. Kila siku Mzee akinikemea husema, "Crispus hapa angeweka hivi." Kila jiwe, Crispus. Nimechoka na wewe na hata sikujui. Nilitamani siku moja aniite kwa jina langu bila kutaja lako.

Sasa hata hilo jina lako hataji.

Mwambie wewe.

Kilonzo


Kaloleni, Voi
2 Desemba 1956

Kwa Baba

Bahasha nimeandika nje kwamba isomwe na Kilonzo, si Tryphena. Tryphena angeruka mahali ili kuniokoa. Kilonzo, nakujua, wewe huruki. Basi kaa karibu na Baba, soma polepole, na pale utakapofika unapotajwa vibaya usikohoe. Soma tu.

Baba, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Ya kwanza ilikuwa na treni ndani yake. Nimeichana.

Ndambuki hakunifukuza. Amenirudisha kwenye maji. Nachota kutoka bomba la stesheni, nampelekea yeye juu, anaitengeneza upya plasta ya tangi, na kila akimaliza mahali ananitupia gunia lililolowa nilitandaze. Asubuhi, mchana na jioni. Akina mama wanapita na ndoo zao kichwani, wanaelekea bomba lile lile, tunapishana. Mmoja anaitwa Mumbe, umri wake kama wa Mama. Jana aliniambia, "Pole, fundi." Hakuwa ananicheka, Baba. Afadhali angenicheka.

Wewe ulisema kosa ni lako. Umefunga vifaa. Tryphena ameniandikia maneno uliyosema, ya nusu ya kazi. Nimeyasoma nikaona nikinyamaza kidogo tu, wiki moja tu, Kilonzo atapanda lori na nitapata kila nilichokitaka. Kitanda, na wewe. Nilinyamaza. Siku kadhaa nilinyamaza, sikufichi. Nilijiambia akishaondoka nitakuja, nitakubembeleza, utashuka na mwiko darini, tutaweka upinde mimi na wewe. Halafu nikajiona nimesimama upande wangu, nawe upande wako, tunapandisha mawe tukutane juu, na wewe ukiamini ulinifundisha vibaya. Nikashindwa kuliweka hata jiwe la kwanza, na ni katika mawazo tu.

Hukunifundisha nusu, Baba. Ulikumbuka, ukasema niandikiwe, nikaandikiwa.

Kilonzo, hapa ndipo. Soma.

Barua ilifika. Kiilu alinipa mkononi pale kwenye lori. Niliisoma mpaka mwisho, nikarudi mwanzo nikaisoma tena. Magunia niliyakalia. Siku chache baadaye nilipanda ngazi, nikachungulia ndani ya tangi, nikaona nyufa. Nyembamba kama nywele, zimekwenda huku na huku. Nilijua ni nini. Ningeweza kuibandua ile plasta siku hiyo hiyo nikaipiga upya na kuinywesha, maana mvua ilikuwa bado mbali, na simiti ilikuwapo, na mtu wa kunizuia hakuwapo. Niliketi pale juu ya ngazi mpaka jua likanichoma. Kisha nikakoroga chokaa nikazipaka, ndani na nje, mpaka tangi likawa jeupe, nikawaandikia mje.

Si uvivu, Baba. Kama ingekuwa ni wewe uliyesema, ningebeba maji hayo kwa mdomo. Ni kwamba yeye ndiye aliyeuliza ukungu unatoka wapi, na wewe ukaweka bakuli chini kwa ajili yake. Mimi hujawahi kuniwekea bakuli chini. Nilitaka tangi lisimame kavu ili siku moja umwambie, mbele yangu, kwamba amekosea.

Bado nina wivu naye. Hata sasa namwonea wivu kwa kuwa ndiye anayekusomea hii, amekaa pale karibu na goti lako. Asiondoke. Mpe upande wa pili wa upinde. Mimi tangi la watu bado halijakwisha.

Niliona nyufa, Baba, mapema, na nilijua Kilonzo amesema kweli. Nikazipaka chokaa ili nawe usijue.

Mwanao,
Crispus